Electric Boogaloo: picha limenoga, ila hesabu zimerukwa

Nianze na yale anayotaka kuyajua mtu kabla hajatoa hela yake. Electric Boogaloo: The Wild, Untold Story of Cannon Films ni dokumentari ya mwaka 2014 ya mwongozaji Mark Hartley wa Australia. Haifiki saa mbili. Kiingereza chake ni cha mbio, mtu hajamaliza sentensi mwingine keshaidaka, kwa hiyo kaa na rimoti mkononi. Diski yangu, aliyoniletea mpwa wangu kutoka Uingereza, ni ya eneo namba 2 (diski hupewa namba kulingana na sehemu ya dunia inakouzwa), na deki iliyofungwa kwa eneo letu la namba 5 itaikataa. Hizi za Kichina zinazomeza kila kitu hazina neno. Tena usiiwashe sebuleni watoto wakiwa macho. Hartley amekusanya vipande vya filamu nyingi mno, na ana jicho la kuchagua vile vyenye watu walio uchi au wanaokatwa vichwa. Binti yangu nilimfukuza sebuleni, akahamia mlangoni.

Kama ulikulia kwenye mabanda ya video, Cannon, kampuni ya filamu, unaijua hata kama jina hilo halikuambii kitu. Ni ile alama ya vipande vya chuma vinavyoruka na kuungana kabla picha halijaanza. Kaka yangu mkubwa alikuwa na banda Ngamiani, Tanga: deki, televisheni ya rangi, mabenchi yaliyochongwa kwa haraka, na ubao wa chaki mlangoni. Hakuwa anaandika jina la picha. Aliandika "Kininja" au "Chuck Norris", basi, banda linajaa. Zile kanda zilikuwa nakala za nakala zilizovuka mpaka kutoka Mombasa, na sehemu kubwa ya zilizotupigisha kelele zilikuwa mali ya Cannon: American Ninja ya Michael Dudikoff, Missing in Action, The Delta Force, Cobra ya Stallone, Bloodsport ya Van Damme, na zile Death Wish za Charles Bronson kuanzia ya pili. Sisi tulimjua steringi na adui, yatosha. Kwamba nyuma ya masteringi wote hao wamesimama binamu wawili, wazaliwa wa Tiberia huko Israeli, hilo halikumhusu mtu aliyekuwa benchi la mbele.

Binamu hao ni Menahem Golan na Yoram Globus, na kazi nzuri kuliko zote aliyoifanya Hartley ni kutuonyesha walivyogawana majukumu. Golan ni mkubwa wa umri, mnene wa mwili na wa sauti, mwongozaji anayependa sinema kupita kiasi cha afya. Globus ni mpole, anajua bei ya kila kitu, anakaa pembeni akipiga hesabu. Mwaka 1977, kabla ya Marekani, Golan aliongoza Operation Thunderbolt, kuhusu makomando wa Israeli waliovamia uwanja wa ndege wa Entebbe, na filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mwaka 1979 wakainunua Cannon, kampuni ndogo ya Marekani iliyokuwa hoi. Ndani ya miaka saba walikuwa na filamu kila kona ya dunia, majumba ya sinema Ulaya na studio yao wenyewe Uingereza. Miaka mitatu mbele, Golan keshatoka mlangoni.

Nusu ya kwanza, ya kupanda, ndiyo tamu. Visa vinamwagika. Wanasimulia jinsi Cannon walivyonusa kwamba vijana wanapenda breki densi, wakatengeneza Breakin' kwa pesa kidogo na kuiwahisha sinema Mei 1984 kabla ya Beat Street, waliyokuwa wakiitengeneza wenzao wakubwa. Iliingiza kama dola milioni 38 Marekani pekee. Ya pili yake, Breakin' 2: Electric Boogaloo, ambayo ndiyo iliyoipa dokumentari hii jina, ikatoka Desemba ya mwaka uleule. Mwaka uleule! Huku kwetu kuna mafundi wanaokaa na suruali ya mtu zaidi ya hapo.

Au kile kisa cha Missing in Action. Zilipigwa mbili kwa mfululizo. Ile iliyokusudiwa kuwa ya kwanza, yenye Chuck Norris akiteswa kambini Vietnam, walipoitazama wakaona ile ya pili ndiyo kali zaidi, wakabadilisha mpangilio: ya pili ikatoka kwanza, na ya kwanza ikaitwa ya pili, eti inaelezea yaliyotangulia. Banda zima la kaka yangu liliwahi kugombana kuhusu nani katoroka lini. Sasa najua kwamba waliogombana wote walikuwa na haki.

Kuna kile cha Sharon Stone pia. Inasimuliwa kwamba Golan alipotaka mwigizaji wa kike wa King Solomon's Mines alisema aletewe "yule mwanamke wa Stone", akimaanisha Kathleen Turner aliyekuwa ametamba na Romancing the Stone. Wakamletea mwanamke mwenye jina la Stone. Kama ni kweli au ni chumvi ya Hollywood, nimecheka. Na kuna mwigizaji mmoja, Laurene Landon, ambaye mpaka leo ana hasira na filamu aliyowachezea, anaichoma moto kanda yake mbele ya kamera. Halafu anakuja Franco Zeffirelli, Mwitaliano mzee wa opera aliyewafanyia Otello mwaka 1986, na yeye anawasifu kwa dhati. Hapo ndipo dokumentari inapata uzito. Kwa sababu kampuni hiyohiyo ya ninja ndiyo iliyompa mwongozaji John Cassavetes pesa za Love Streams, ikashinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1984. Ndiyo iliyotoa Runaway Train, na Jon Voight na Eric Roberts wakateuliwa wote wawili kuwania Oscar. Golan alisaini mkataba na Jean-Luc Godard, mwongozaji mwenye heshima kubwa, juu ya kitambaa cha mezani cha karatasi, kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1985. Alitaka sana kuheshimiwa, yule mzee. Hartley analijua hilo, lakini kila akilikaribia anarukia kipande kingine cha matiti. Nimehesabia hilo kama kasoro.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na diski hii. Mimi ni mhasibu kwa kazi, na nilikaa nikisubiri sehemu ya pesa. Ilipokuja ilipita kasi kiasi kwamba nilidhani nimebonyeza kitufe. Mtazamaji anaachwa aamini kwamba Cannon ilianguka kwa sababu ilitengeneza filamu mbaya. Hapana. Filamu mbaya ndizo zilizoijenga.

Kule Muheza, jirani na kwetu Tanga, mlanguzi huja shambani machungwa yakiwa bado mtini, anaukadiria mti kwa macho, analipa, anaondoka. Golan na Globus waliuza filamu hivyohivyo. Kila Mei walikwenda kwenye soko la Cannes na mabango. Bango lina jina la picha, mchoro wa mtu ameshika bunduki, na jina la nyota. Hadithi yenyewe pengine haijaandikwa hata ukurasa mmoja. Mnunuzi wa Ujerumani anasaini kwamba filamu ikikabidhiwa atalipa kiasi fulani kwa haki za nchi yake. Wa Japani naye anasaini. Wa kanda za video Marekani naye. Mikataba hiyo, ambayo bado ni karatasi tu, inapelekwa benki. Aliyekuwa akiipokea alikuwa Frans Afman, Mholanzi, kwenye benki ya Uholanzi iliyokuwa chini ya Crédit Lyonnais ya Ufaransa, na yeye alikopesha kwa dhamana ya karatasi hizo. Chukua mfano: mikataba yako imejumlisha dola milioni mbili na nusu, nawe umeitengeneza filamu kwa milioni moja na nusu. Umeshapata faida kabla mtu hata mmoja hajakata tiketi. Iwe nzuri, iwe ovyo, mnunuzi amekwisha kusaini.

Ndiyo maana ninja. Ninja hahitaji mshahara wa nyota, ana uso uliofunikwa, na mapigano hayatafsiriwi. Na ndiyo maana pia katikati ya miaka ya themanini, deki zilipoingia majumbani duniani kote na maduka ya kanda yakawa na rafu tupu, Cannon walikuwa na bidhaa tayari wakati makampuni makubwa bado yanajadili kama video ni rafiki au mwizi. (Sisi wa Ngamiani hatukuwa kwenye mkataba wowote, tuseme ukweli. Kaka yangu hakuwahi kumlipa Globus hata senti.)

Mfumo huo una sharti: gharama zisipande kuliko mikataba. Tena hauruhusu kusimama, kwa sababu mkopo wa filamu ya jana unasubiri pesa ya filamu ya leo. Sasa angalia walichofanya. Mwaka 1986 walinunua Thorn EMI Screen Entertainment kwa pauni milioni 175: sinema za ABC za Uingereza, studio za Elstree, na maktaba ya filamu za zamani, karibu yote kwa deni. Wakamlipa Stallone zaidi ya dola milioni 10 acheze Over the Top, picha la kushindana mieleka ya mkono. Liligharimu kama milioni 25, na Marekani likaingiza milioni 16 tu. Wakachukua Superman IV na kuahidi bajeti ya milioni 36. Pesa zilipokauka ikakatwa hadi 17, na mji wa Milton Keynes, Uingereza, ukalazimishwa kuwa New York. Masters of the Universe nayo ikala milioni 22 na kwenye sinema za Marekani haikurudisha hata hizo. Zote tatu zilitoka mwaka mmoja, 1987. Bango la ninja wa bei rahisi lingesamehewa. Bango la Superman halisameheki, kwa sababu hapo mtazamaji anajua Superman anatakiwa kuonekanaje akiruka.

Na kulikuwa na jambo la vitabu. Hili dokumentari inaligusa kwa kidole kimoja, nami ningelipa dakika kumi. Filamu ikigharimu milioni 10, huziandiki zote kama gharama ya mwaka huu. Unazigawa kulingana na mapato unayotarajia filamu italeta maisha yake yote. Ukisema italeta milioni 40, na mwaka huu imeleta 10, basi unaandika robo ya gharama, milioni mbili na nusu, na faida yako inasomeka milioni saba na nusu. Wawekezaji wanapiga makofi, hisa zinapanda, unakopa tena. Ikija kubainika kwamba zile 40 hazipo, na kwamba filamu imekwisha na 10 zake, faida yote ilikuwa wino. SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, iliingia kwenye vitabu vya Cannon kuangalia hasa makadirio ya namna hiyo, na hisa zikaporomoka. Nilipokuwa natazama nilisimamisha diski nikaenda kuchukua kalamu. Hartley alikuwa na watu waliofanya kazi ofisini humo wamekaa mbele ya kamera yake, na badala ya kuwauliza nani alikuwa akiandika hizo namba, anawauliza Golan alikuwa akipiga kelele namna gani.

Kisha akaja Giancarlo Parretti, Mwitaliano mwenye madeni na maneno mengi, akaichukua kampuni na kuipachika jina la Pathé. Golan akaondoka mwaka 1989, akaendesha kampuni yake, 21st Century. Globus akabaki. Na hapa hata mimi nakiri kwamba Hartley anajua kusimulia: Machi 1990 binamu hao wawili, waliokuwa washirika wa miaka mingi, kila mmoja alitoa filamu ya ngoma ya lambada, siku moja. Moja ya Cannon, moja ya Golan. Zote zikafeli. Parretti naye, mwishoni mwa mwaka huohuo, akainunua MGM, studio kubwa ya Hollywood, kwa kama dola bilioni 1.3, kwa pesa za benki ileile ya Crédit Lyonnais, na mwaka uliofuata benki ikamtoa. Hiyo ingetosha kuwa dokumentari nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati jengo linaungua, kanuni ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Bloodsport, iliyotengenezwa kwa pesa ndogo na Mbelgiji asiyejulikana, ilikaa kabatini kwa sababu waliiona haifai. Ilipotoka mwaka 1988 ikarudisha gharama yake mara kadhaa, na ikampa dunia Van Damme. Cyborg ya mwaka 1989 ilibuniwa haraka ili mandhari na mavazi yaliyokwisha kutengenezwa kwa filamu mbili zilizofutwa yasitupwe. Mojawapo ya hizo mbili, ushike kiti, ni Spider-Man: Cannon walikuwa na haki zake tangu 1985, walizozinunua kwa dola 225,000. Walikuwa na mali mkononi, hawana nauli.

Jambo jingine ambalo lilihitaji muda ni Afrika. King Solomon's Mines ilipigwa Zimbabwe. Hadithi ile ya Rider Haggard wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili shuleni tangu enzi ya Mwingereza, kwa hiyo ilipofika bandani kwa kaka yangu wazee wenyewe waliingia, kofia zao kichwani, wakalipa kiingilio. Wakamkuta Richard Chamberlain na Sharon Stone wametiwa kwenye chungu kikubwa kuliko nyumba, na Waafrika wanacheza ngoma wakisubiri waive. Babu mmoja alidai arudishiwe hela yake. Alirudishiwa.

Na American Ninja 2. Inajifanya kisiwa cha Karibi. Ilipigwa Afrika Kusini, ikatoka mwaka 1987, makaburu wakiwa bado madarakani na ANC ikiwaomba wasanii wa dunia wasiende kufanya kazi huko. Sisi tulikuwa nchi ya mstari wa mbele, wapigania uhuru wana shule yao Mazimbu, Morogoro, huku tunamshangilia Dudikoff kwenye fukwe ambazo mtu mweusi alibaguliwa. Ya tatu nayo ilipigwa hukohuko. Cannon walikwenda kwa sababu ilikuwa rahisi kwa gharama. Hesabu ileile ya tofauti kati ya mkataba na bajeti. Ningetaka Hartley amkalishe mtu wa Cannon amuulize hilo moja tu. Pia ningetaka Steve James apewe nafasi yake. Ndiye Curtis Jackson, rafiki mweusi wa ninja, mwenye kifua kama mlango wa benki. Kwetu yeye ndiye aliyekuwa anaigwa, na vijana wa Ngamiani walikata mikono ya mashati kwa ajili yake. Alifariki mwaka 1993, hayuko kujieleza.

Wakubwa wengine ambao hawamo kwenye mahojiano ni Chuck Norris, Stallone na Sharon Stone. Pengo la Norris linaonekana, kwa sababu ndiye aliyebeba nyumba ile mgongoni. Dudikoff yupo, mcheshi, bado ana nywele. Dolph Lundgren, steringi wa Masters of the Universe, yupo. Mwigizaji Bo Derek yupo na anazungumza kwa utulivu kuhusu Bolero, filamu ya mumewe iliyovuruga uhusiano wa Cannon na wasambazaji wao MGM. Frank Yablans aliyekuwa bosi wa MGM yupo pia, na maneno yake kuhusu Cannon hayakuchujwa.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa kicheko ningetoa tano. Uhariri ni wa kisu kikali, na kuna sehemu ambapo watu wanne, kila mmoja na chumba chake, wanaigiza lafudhi ya Golan mfululizo, nami nikamkumbuka kaka yangu akimuigiza Bronson. Kwa mtu anayetaka kutengeneza filamu hapa Bongo na anafikiria kukopa, nyota mbili: atatoka akijua Golan alikuwa kichaa, asijue benki ilikuwa inafanya nini.

Golan na Globus walialikwa wazungumze ndani ya dokumentari hii, wakakataa. Badala yake wakashiriki ya kwao, The Go-Go Boys ya Hilla Medalia, ikaonyeshwa Cannes Mei 2014, miezi mitatu kabla ya Hartley. Waliwahi tu, kama walivyoiwahi Beat Street, na Hartley amekuwa muungwana wa kuliandika hilo kwenye maandishi yake ya mwisho. Golan alifariki Agosti ya mwaka huo huko Jaffa. Ile yao ni ya upole zaidi, unawaona wenyewe wakikaa pamoja na kutupiana lawama za kizee, wala haina uchi mwingi, ukitaka ya kutazama na familia. Ya Hartley ningenunua tena. Hiyo ya pili ningeazima.